Hata Ikiwa Ni Sauti Yangu

Rukia mwanangu,

Sikuandikii kwamba natumai barua hii itakukuta mzima, kwa sababu uko chumba cha pili na nakusikia unakoroma. Mama yako anasema mtoto wa kike hakoromi, anapumua kwa nguvu. Haya, unapumua kwa nguvu. Kesho utakwenda kupumulia Maskati, na sisi huku Mkunazini nyumba itakuwa kimya kama tumezikwa.

Mambo ya nguo, ya chakula, ya sala na ya wanaume wa kuwaogopa, nshamsikia mama yako akikupa wiki nzima bila ya kukuachia nafasi hata ya kuitika. Mimi sina la kuongeza humo. Kupika sijui, kupiga pasi sijui, na wanaume wa kuogopwa mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wao, muulize. Nnalo jambo moja tu, nalo ni hiyo pochi iliyomo ndani ya simu yako, unayowekea zile sarafu za mtandaoni. Usigune. Ada ya chuo na kodi ya chumba chako vyote vimo humo, na ikifunguliwa na mtu mwengine, utakuwa ugenini huna hata nauli ya kurudi kwetu kuja kunicheka.

Barua nitaitia chini kabisa ya sanduku, chini ya visheti, uikute ukishafika. Ana kwa ana nisingeweza. Ningeanza kwa mzaha nikamaliza kwa mzaha, ukaondoka hujui kwamba baba yako anaogopa. Na naogopa, Rukia. Tokea juzi naogopa. Sababu nitakwambia, lakini nianze na lile unalolijua, kwa kuwa unalijua kwa upande wako tu.

Wewe unachora hina kwenye kompyuta. Mpaka leo sijaelewa kwa nini mtu wa Ulaya anunue maua ya mkononi ambayo hayana mkono, lakini wananunua, na wanalipa kwa pesa ambazo hazishikiki wala hazilii zikianguka. Ulipopata zile za mwanzo ulinifuata dukani Mlandege, nazungusha ringi ya baiskeli ya mteja, ukanipa kikaratasi chenye maneno kumi na mawili ya Kiingereza. Ukanieleza polepole kama unamlisha mtoto uji. Simu ikiibiwa, ikitumbukia majini, au wewe ukipatwa na la kukupata, basi mwenye maneno haya, kwa mpangilio huu huu, ataifungua pochi popote alipo duniani. Hakuna benki, hakuna meneja wa kumlilia. Mimi nikasikia hilo la "mwenye maneno haya", nikavimba kifua, nikaona nimepewa heshima. Kumbe nimepewa hatari. Vitu viwili hivyo huvaa kanzu moja.

Karatasi siiamini. Mji huu chumvi inakula chuma, itaiacha karatasi? Na nondo je, na panya, na mama yako anapoamua kufagia? Basi nikafanya kama nilivyofundishwa. Skuli ya serikali, unajua, mimi na mwalimu wa hesabu hatukupatana, nikamwachia hesabu zake. Lakini chuoni, kwenye Kurani, nilikaa, maana bakora ya mwalimu ilikuwa ndefu kuliko mbio zangu. Na chuoni, mwanangu, kitu hakihifadhiwi kimoyomoyo. Unakaa mkeka, unayumba mbele na nyuma, unasoma kwa sauti mpaka kinaingia kwenye mifupa. Anayesoma kimya anachapwa, kwa sababu anayesoma kimya amelala.

Kwa hivyo kila baada ya alasiri nikakaa kwenye baraza yetu ya nje, kikombe cha kahawa pembeni, nikayumba, nikayasoma maneno yako kwa lahani. Maana yake sikuijua. Nilijua moja ni mnyama na jingine ni chombo cha jikoni, kwa sababu ulinichorea. Hata leo sitayaandika hapa, ingawa yamekufa. Yalipoanza kuingia nikayatia mahadhi ya maulidi, yakawa matamu. Watu wanapita na makapu yao kutoka Darajani, wananiuliza, "Mzee Faki, umeingia dini gani?" Nami nazidisha sauti. Nilikuwa naficha siri yako, Rukia, kwa nguvu zote za mapafu yangu.

Wala hukuniambia nisome kimya. Hukuniambia kwa sababu hakuna mtu mwenye akili anayehitaji kuambiwa. Lakini akili ya mtu imekaa pale alipoisomea, na mimi ya kwangu nimeisomea kwenye mkeka, kwa kelele.

Sasa yule bwana. Wewe ulimwona mara moja tu, ukasema ananukia udi mzuri. Alikuwa na kanzu iliyopigwa pasi mpaka inakata, na kila alipofika alinipa shikamoo kwa mikono miwili. Mimi! Mtaani kwetu hata watoto hawanipi shikamoo, wanajua nitawajibu ufedhuli. Yeye akaniita "mzee wangu", akaniletea tende, akakaa upande wa pili wa baraza na simu yake mapajani, kioo juu. Hakuniomba kitu. Nataka ulishike hilo: hakuniomba kitu hata siku moja. Alisema nina sauti ya zamani, sauti ambazo siku hizi hazipatikani, na akataka tu nimsomee tena ile kaswida yangu ya kizungu. Nikamsomea. Nikamhadithia na safari zangu za ujana, na dada yangu Mize wa Kizimkazi, na wewe na michoro yako. Baba gani hamsifu mwanawe kwa mtu mwenye adabu?

Siku moja akakunja uso kidogo, kama mtu aliyeona uzi umeachia kwenye kofia yake. Akaniambia, "Mzee wangu, jana ulitanguliza mnyama, leo umetanguliza chombo. Lipi la mwanzo?"

Nikacheka, nikamwambia mnyama ndiye wa mwanzo, mimi nilikuwa namjaribu tu kama anasikiliza. Akasema anasikiliza. Akanywa kahawa yake akamaliza, akanipa mkono, na sijamwona tena.

Yaliyofuata unayajua. Tumeketi kula, ukafungua simu, ukaacha kutafuna. Pochi tupu. Uliniuliza kwa upole, ukaniuma zaidi kwa upole huo, nimempa nani maneno. Nikaapa sijampa mtu. Nikaenda kuchana foronya ya mto wangu mbele yako, nikatoa karatasi, haina hata kunjo jipya. Nikakuonesha kama wakili aliyeshinda kesi. Na hapo hapo, dirishani, watoto wa jirani yetu Bi Saumu walikuwa wanaruka kamba kichochoroni, na wimbo waliourukia ulikuwa maneno yako, yote, kwa mpangilio wake, kwa mahadhi yangu.

Ukaweka kijiko chini. Sijawahi kutazamwa vile na mtu niliyemzaa mimi. Hukuwa na hasira. Ulinitazama kama daktari anavyomtazama mgonjwa asiyejua.

Bado wanauimba, unajua. Wimbo ukishaingia kichochoro hautoki. Pochi yenyewe ulishaiacha, haina kitu na hutaitia kitu tena, umefungua mpya na kuijaza upya kwa michoro yako, lakini mimi nikiusikia naingia ndani na kufunga dirisha.

Halafu ukaja upumbavu wangu wa pili, ambao mama yako anasema ndio wa kwanza kwa uzito. Tuliapiana tusiutoe msiba nje, tuliona haya. Nikanyamaza kweli, amini usiamini. Na mara ikaingia meseji kwenye simu yangu, kutoka kwa mtaalamu mwenye tai, ana picha ameshika kalamu, anasema kazi yake ni kurudisha sarafu zilizoibiwa na amesikitishwa na yaliyotufika. Nikamshukuru Mungu. Nikauza ile baiskeli yangu ya kijani, nikampelekea alichotaka. Akasema kazi imekwisha, pesa ziko mlangoni, anachohitaji sasa ni maneno ya pochi mpya ya Rukia ili azitie humo.

Hebu tulia ujiulize nililoshindwa kujiuliza mimi. Tulikuwa hatujamwambia mtu. Nani alimwambia yule mwenye tai kwamba tumeibiwa? Nani anajua kwamba nyumba fulani imevunjwa, kabla wenye nyumba hawajapiga kelele? Niliyemlipa anitafutie mwizi, Rukia, nadhani alikuwa akiniandikia huku ameshika mfuko wetu.

Lakini siku ile sikuwaza. Nikaja kwako nimejaa furaha, nakuomba maneno mapya. Ukawa unachora, hukuinua kichwa. Ukasema, "Baba, safari hii hata wewe."

Nikakujibu maneno ambayo sipendi kuyakumbuka, kwamba ni mtoto gani anayemfungia baba yake mlango. Nikanuna. Nikawa nala nimeupa uso ukuta, kama mke mkubwa. Nikapitisha ujumbe kwa mama yako kwamba sitakufa na kinyongo ila ni lazima unipe. Najua ulilia jikoni, maana ulisingizia vitunguu na siku hiyo tulikula ndizi. Ulilia na hukutoa. Mimi nilikuwa nikisukuma mlango kwa bega la ubaba wangu, nyuma yangu yuko mwizi ananisukuma mimi, na wewe mtoto mdogo uko upande wa pili umeegemea. Nimekuja kuielewa picha hiyo juzi tu, na tokea hapo nikifumba macho naiona.

Sasa nikwambie la juzi. Hulijui. Nilimwomba mama yako anyamaze, akanyamaza, na hiyo peke yake ikutoshe kujua uzito wake.

Shangazi yako Mize alikuwa anaanika mwani, simu ikalia, namba ngeni. Akapokea, nikawa mimi. Si mtu anayefanana na mimi. Mimi, na kikohozi changu, na ile pumzi ninayovuta kabla ya kusema. Nikamwambia nimeanguka, nimelazwa, simu yangu imevunjika, nimeazima ya muuguzi. Nikamwuliza Rukia anaondoka na ndege ya saa ngapi, na namba yake ya Maskati itakuwa ipi, na je, hakumwachia yeye kikaratasi chochote cha kuweka, kwa sababu kuna jambo la dharura, mtoto ataumia.

 Mize alikata simu, akafunga mlango, akapanda gari mpaka mjini na miguu yake ile mibovu. Akanikuta dukani nakula pweza. Kitu cha kwanza alinipiga na mkoba. Cha pili akakaa kwenye kigoda, akanywa maji yangu yote, akasema, "Sauti ilikuwa yako. Adabu ndiyo haikuwa yako."

Kumbe huyo mimi alianza kwa kumwambia shikamoo dada, na akaomba samahani kwa usumbufu. Tokea tuzaliwe sijampa Mize shikamoo bila ya kumfinya. Tukacheka, mimi na yeye, tukacheka mpaka fundi simu wa duka la jirani akaja kutazama. Tulipomweleza, yeye hakucheka. Akasema siku hizi mashine ikipewa sauti ya mtu kidogo tu, inaweza kusemeshwa lolote. Akaniuliza kama kuna mtu aliyewahi kunirikodi.

Nikakumbuka ile simu mapajani, kioo juu, jioni baada ya jioni. Mimi nilidhani aliyachukua maneno kumi na mawili na akaenda zake. Aliondoka na mimi mzima. Ananitumia. Yuko pahala fulani ananifungua na kunifunga kama redio, na hivi nnavyoandika huenda nnazungumza na mtu nisiyemjua, namwomba kitu.

Na alijua safari yako. Hilo sikulitafutia mchawi. Mama yako ameitia tiketi yako kwenye simu yake watu wote waione, na mimi nimewatangazia Mlandege nzima kwamba mwanangu anakwenda Maskati kwa pesa zake. Tumekuuza kwa furaha. Watu wakifurahi huzungumza sana.

Juzi alikosea kwa adabu. Usilichekee hilo, kwa sababu Mize alimkatia simu, na mwizi huyo si mjinga, atajiuliza kwa nini. Safari ijayo atakuja na ufedhuli wangu wote. Anajifunza, Rukia. Kila anaposhindwa anarudi akiwa mimi zaidi.

Fundi simu akashauri mimi na wewe tupatane neno letu la siri, nikipiga nilitaje kwanza. Nilimwambia ahsante. Mimi nipewe neno la siri? Asubuhi ukinipa, jioni linarukiwa kamba.

Kwa hivyo sikuombi tukumbuke kitu. Nakuomba usahau kimoja tu: kwamba mimi ni mtu wa kupewa. Hayo maneno mapya sijui umeyaweka wapi, na nisijue. Kama umeyapiga picha, ifute leo, maana picha za simu hazikai kwenye simu, huwa zimeshapanda huko mtandaoni kabla hujazitazama wewe mwenyewe. Yaandike kwa mkono, na pahala pa pili pia, pasipo na mtu wa kupafagia. Atakapokuja mtu na jina la hiyo kampuni ya pochi, anasema kuna hitilafu, thibitisha maneno yako hapa, ujue ni yule yule amebadilisha kanzu. Wenye kampuni hawayaulizi. Hakuna anayeyauliza kwa heri, hakuna kabisa, na hilo ndilo jambo pekee katika dunia hii ambalo halina lakini.

Ninayemwogopa zaidi si huyo mwenye jina la kampuni. Utakuwa mpweke huko. Utakaa wiki hujasikia mtu anasema "wee" kama tunavyosema sisi. Kisha atatokea mtu, mwanamke pengine, anasema kwao Unguja, anakumbuka urojo, anakuita mdogo wangu. Hatakuomba kitu. Ataketi tu. Mpende ukitaka, kula naye, cheka naye. Lakini simu yako ifunge, na ukiona anakusikiliza vizuri kuliko anavyokusikiliza mama yako, inuka uende zako, sema umeacha chungu motoni.

Na kisha nitapiga mimi.

Nitakwambia niko hospitali, au mama yako yuko hospitali. Nitakohoa. Nitakutania kwanza ili unitambue, nitakuita kwa jina lile la utotoni ulilolichukia. Ukisema subiri nimpigie mama, nitakwambia hakuna wakati. Nitalia. Hujanisikia nikilia, utadhani ndiyo kweli imefika. Na ukiendelea kukataa, nitatoa ile silaha ambayo mzazi wa kwetu akiitoa mtoto hana ngao. Nitakwambia kwamba usiponipa, nakuondolea radhi yangu. Mtoto wa Kizungu pengine angecheka. Wewe utataka kuyataja, kwa sababu tumekulea ujue kwamba bila ya radhi ya wazazi mtu hapati kheri duniani wala akhera. Tumekulea vizuri mno, na sasa mtu anayejua malezi yetu atakushika hapo hapo.

Usiseme nami. Usijaribu kunipima, usiniulize maswali ya nyumbani, nitayajibu, yule bwana nilimhadithia kila kitu. Kata simu. Umpigie mama yako kwa namba unayoijua wewe, aje chumbani atazame kama nimo.

Nimeliwaza na lile jengine, usidhani sikuliwaza. Iko siku nitapiga kweli. Mwili huu si wa jana. Nitakuwa nimelala kweli pahala, simu ya kuazima mkononi, nataka kukusikia, na wewe utasikia sauti yangu na utakata. Nimekaa na picha hiyo hapa, taa imewaka, nikaitazama mpaka ikaacha kunitisha. Bora umkate baba yako wa kweli mara moja kuliko umsikilize wa uongo mpaka mwisho. Nikiwa ni mimi kweli nitajua kwa nini umekata, na wataoniuguza watashangaa mzee huyu anachekea nini.

Basi sikiliza, n'nakuandikia kwa mkono wangu, mwandiko mbaya ambao hakuna mashine itakayotaka kuuiga. Radhi yangu nimekupa. Nimekupa leo, kabla hujaniudhi, na wala hairudishwi kwa simu, na anayekwambia nimeiondoa, hata akiwa ni mimi, anasema uongo. Siku utakayosikia baba yako anakulilia umpe yale maneno, nawe ukamkatia katikati ya kilio, ujue hapo ndipo uliponitii.

Baba yako,
Faki